Kiambaza na Buti: Kufunga Spika za Besi Garini Bila Sanduku

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi katika jarida la walimu wa lugha, nalo ni namna ya kufunga spika kubwa za besi ndani ya gari bila kuzitengenezea sanduku. Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linatuhusu nini sisi wa Kiswahili. Mimi lilinihusu kwa njia ya gharama, kama nitakavyoeleza, na naamini kisa hiki kinaweza kumsaidia kila anayefundisha tafsiri na istilahi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa amepanga chumba Nyakabiga, jirani na kampasi ya Mutanga, aliniletea karatasi mbili za maelekezo ya Kiingereza. Jirani yake, dereva wa teksi, alikuwa amenunua spika mbili za besi zenye kipenyo cha inchi 12. Dereva hakutaka sanduku, kwa sababu sanduku la spika kama hizo hula nusu ya buti, na teksi isiyoweza kubeba mizigo ya abiria haiingizi fedha. Muuzaji alimwambia kwamba spika zile zinaweza kufungwa bila sanduku, na kwamba maelezo yote yamo katika karatasi. Fundi wake alisoma Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, lakini Kiingereza hakukijua. Hivyo nikaombwa nitafsiri.

Nilifanya kazi hiyo usiku mmoja. Katika karatasi palikuwa na istilahi ambayo kwa Kiingereza inataja bafle na sifa ya kutokuwa na kikomo. Nikaandika "bafle isiyo na mwisho", na kwa kutaka kusaidia nikaongeza: "yaani haihitaji sanduku". Fundi aliifuata tafsiri yangu kwa uaminifu. Alikata matundu mawili katika kibao kilicho nyuma ya kiti cha abiria, akazikaza spika, akaunganisha waya. Matundu mengine ya bati yaliyokuwapo chini ya kibao, pamoja na uwazi ulio nyuma ya kiti, aliyaacha kama yalivyokuwa. Muziki ulipowashwa, mdundo haukusikika. Dereva akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka koili ya spika moja ikaungua.

Nilipofika pale fundi hakunigombeza. Alisema tu: "Mwalimu, karatasi yako ilisema hakuna sanduku. Mimi sikuweka sanduku." Alikuwa na haki. Nililipa nusu ya bei ya spika mpya, kisha nikaketi naye kujifunza kitu ambacho ningepaswa kukijua kabla ya kushika kalamu. Yafuatayo ni matokeo ya somo hilo na ya kusoma kwangu baadaye.

Spika hutoa sauti pande mbili

Spika ina koni ya karatasi au plastiki iliyounganishwa na koili ya waya iliyo kati ya nguzo za sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika koili, koni husogea mbele na nyuma. Inaposogea mbele, husukuma hewa iliyo mbele yake. Wakati huohuo huivuta hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kila spika hutoa mawimbi mawili yaliyo kinyume: mbele panapokuwa na msukumo, nyuma pana mvuto.

Mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana. Kwa sauti nyembamba hasara ni ndogo, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi. Sauti yenye mitetemo 4,000 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa sentimita 9 hivi, na koni yenyewe inatosha kulitenga la mbele na la nyuma. Lakini besi ina mawimbi marefu mno. Mtetemo wa mara 40 kwa sekunde una wimbi la zaidi ya mita 8 na nusu, karibu mara mbili ya urefu wa Toyota Corolla. Wimbi la namna hiyo huzunguka ukingo wa spika bila shida, mvuto wa nyuma ukaufidia msukumo wa mbele, na msikilizaji asipate kitu. Hilo ndilo lililotokea katika teksi ya Nyakabiga. Spika zilifanya kazi kwa nguvu zote, lakini hewa ilikuwa inapita kwenye matundu ya bati kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Tatizo hili lilijulikana tangu mwanzo. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walipoeleza spika yao ya koili, ambayo ndiyo mama wa spika tulizo nazo leo, walieleza pia haja ya ubao wa kuzuia hewa ya mbele isichanganyike na ya nyuma. Ubao huo ndio ulioitwa bafle. Ubao ukiwa mpana sana, wimbi haliwezi kuuzunguka. Ukidhania ubao usio na ukingo kabisa, huo ndio "usio na kikomo". Kwa vitendo, ubao wa namna hiyo hupatikana kwa kuifunga spika katika ukuta unaotenga vyumba viwili, chumba kimoja kikiwa cha wasikilizaji, na cha pili kikiwa kikubwa kiasi cha kutoibana hewa iliyo nyuma ya koni.

Hapa ndipo nilipoona kosa langu. Sifa ya kutokuwa na mwisho ni ya ukuta. Mimi niliandika kana kwamba ni ya sanduku.

Neno moja, maana mbili

Kosa hilo lilikuwa na mizizi katika mazingira yetu. Kifaransa kilipokea neno bafle kutoka Kiingereza, kwanza kwa maana ya ubao, lakini baadaye likahamia kwenye sanduku zima lenye spika. Bujumbura tumelipokea kupitia Kifaransa. Mtu akisema "lete mabafle" katika arusi, hakuna atakayeleta mbao. Yataletwa masanduku makubwa ya sauti. Kwa hiyo fundi aliposoma "bafle isiyo na mwisho, haihitaji sanduku", alisoma maneno yanayopingana: sanduku lisilo na mwisho ambalo si sanduku. Akachagua sehemu aliyoielewa.

Maneno jirani nayo yana mtego. Tanzania neno sabufa linatokana na jina la Kiingereza la spika ya besi peke yake, lakini katika maduka na majumba mengi humaanisha seti nzima ya redio yenye spika zake. Kipaza sauti huweza kuwa kile anachoshika msemaji mkononi au kile kinachotoa sauti upande wa hadhira. Spika nayo humkumbusha msomaji mwenyekiti wa Bunge, ingawa muktadha huondoa utata huo. Bidhaa nyingi huingia Bujumbura kupitia bandari ya Dar es Salaam, nazo huja na maneno yake: buti, fyuzi, sabufa. Zinapofika hapa zinakuta kofre, fizible na bafle kutoka Kifaransa. Fundi wa Nyakabiga au Buyenzi anaishi katikati ya safu hizo mbili, na mfasiri asiyezijua zote mbili atampotosha.

Gari lipi linafaa

Tukishaelewa kwamba kinachotafutwa ni ukuta kati ya vyumba viwili, swali la gari linajijibu. Gari dogo lenye buti iliyotengwa, kama Corolla au Carina ya kawaida, linafaa. Chumba cha abiria ni kimoja, buti ni cha pili, na kiti cha nyuma pamoja na kibao chake ndipo mahali pa ukuta.

Gari ambalo mizigo na abiria wamo katika chumba kimoja, kama Probox au basi dogo la Hiace, halina vyumba viwili. Spika ikifungwa humo bila sanduku, sauti yake itafutwa. Magari hayo yanahitaji sanduku lililofungwa.

Kwa pikapu na malori, watu wengine hutoboa bati la nyuma la kabini ili upande wa nyuma wa spika utazame nje. Kwa nadharia, nje ni chumba kisicho na kikomo kuliko vyote. Kwa vitendo sishauri. Mvua na vumbi vitaiharibu koni, bati lililokatwa hudhoofika na kupata kutu, na moshi wa injini unaweza kuingia kabini. Katika moshi huo mna gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua dereva na abiria wake. Kwa pikapu, sanduku jembamba lililofungwa nyuma ya kiti ni salama zaidi.

Spika ipi inafaa

Si kila spika ya besi inaweza kuishi bila sanduku. Katika sanduku dogo lililofungwa, hewa iliyobanwa hufanya kazi kama springi: koni ikienda mbali, hewa huirudisha. Buti ni kubwa, hivyo springi hiyo ni laini mno, na koni hutegemea karibu kabisa ukingo wake wa mpira na kitambaa chake cha ndani.

Karatasi ya spika huwa na vipimo vilivyopewa majina ya Neville Thiele wa Australia, aliyeandika juu yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Vitatu vinatosha kwa fundi. Fs ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo spika huipenda yenyewe ikiwa huru. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ulaini wa ukingo wa spika. Qts huonyesha jinsi koni inavyodhibitiwa isiendelee kutikisika baada ya mdundo kwisha. Namba ikiwa ndogo, udhibiti ni mkali.

Chukua mfano wa spika yenye Fs 28, Vas lita 60 na Qts 0.65. Ikifungwa katika buti yenye lita 400, mtetemo wake wa asili hupanda kidogo tu, kutoka 28 hadi 30, na Q ya mfumo mzima huwa 0.70, ambayo ni nzuri: mdundo unashuka chini bila kuvuma. Spika hiyohiyo ikitiwa katika sanduku la lita 30, mtetemo wake hupanda hadi karibu 48 na Q hufika 1.13, mdundo utakuwa wa kuvuma sehemu moja na kupotea chini yake. Kwa hiyo spika ya kufungwa ukutani huwa na Qts ya kati ya 0.6 na 0.7 hivi, na Fs ya chini. Aidha, ujazo wa buti uwe mkubwa mara kadhaa kuliko Vas. Spika zikiwa mbili, Vas zake hujumlishwa kabla ya kulinganisha.

Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza ni kukagua kabla ya kukata. Ondoa kiti cha nyuma na kifuniko cha kibao, uangalie bati lililo chini yake. Tafuta lilipo tangi la mafuta, kwani katika baadhi ya magari ya zamani tangi limesimama nyuma ya kiti, palepale fundi anapotaka kupitisha keekee. Tazama pia vishikizo vya mikanda ya usalama na mihimili ya bodi. Hivyo havikatwi kwa sababu yoyote. Kama bati lina uwazi wa kutosha kiwandani, tumia uwazi huo.

Ya pili ni kutengeneza ubao. Plaiwudi ya milimita 18 inafaa. Ubao mwembamba utatetemeka pamoja na spika na kuiba mdundo. Mbao za unga uliogandishwa kwa gundi huvimba zikipata unyevu, na hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika unyevu hautusahau. Kata kielelezo cha katoni kwanza, ukijaribu mpaka kikae vizuri, ndipo ukate ubao.

Ya tatu ni kuukaza ubao kwenye bati kwa bolti na nati, si kwa skrubu za mbao peke yake. Spika ya inchi 12 huwa nzito kutokana na sumaku yake, na gari likifunga breki ghafla, kitu kizito nyuma ya abiria huwa hatari.

Ya nne ndiyo iliyokosekana katika tafsiri yangu, nayo ni kuziba. Kila tundu kati ya buti na chumba cha abiria lizibwe: matundu ya bati, pembe za kibao, nafasi iliyo nyuma ya kiti. Matundu makubwa huzibwa kwa vipande vya plaiwudi au bati, mianya kwa silikoni, na pale ubao unapokutana na bati hulazwa utepe wa sponji au mpira. Fundi wetu alibuni jaribio rahisi. Aliwasha sauti nzito ya chini kwa kiasi kidogo, akapitisha kipande cha uzi mbele ya kila pembe. Uzi ulipocheza, hapo palikuwa na mwanya.

Ya tano ni kuhakikisha spika zote zinasogea upande mmoja kwa wakati mmoja. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa waya za spika kwa muda mfupi: chanya kwa chanya, koni isogee nje. Moja ikitoka nje na nyingine ikiingia ndani, zitafutana hata ukuta ukiwa mzima.

Mwisho, upande wa buti uwekwe wavu wa chuma mbele ya sumaku, ili mzigo wa abiria usiigonge koni. Kwa teksi hili si la hiari.

Umeme na kiasi

Ampli inayotoa wati 300, ikiwa robo tatu tu ya umeme inaoutumia ndiyo hufika kwenye spika, itavuta wati 400. Kwa volti 13.8 hiyo ni takriban ampea 29. Waya mwembamba utapata moto. Waya wa chanya utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa kuwa kazi ya fyuzi ni kuulinda waya wote unaopita chini ya zulia. Waya wa hasi, ambao hapa huitwa masi, uwe mfupi na ukazwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Kwa sababu hakuna springi ya hewa, koni huweza kuruka kupita kiasi katika sauti za chini sana. Kama ampli ina kichujio cha kuondoa mitetemo iliyo chini ya 25 kwa sekunde, kiwashwe. Mdundo ukikosekana, usiongeze sauti. Zima, utafute mwanya. Spika ya teksi ile iliungua kwa sababu ya kutafuta kwa sauti kitu kilichopaswa kutafutwa kwa silikoni.

Istilahi ninazopendekeza

Tulipomaliza kuziba, fundi aliupiga ubao kwa kiganja akasema: "Sasa kuna ukuta." Ndipo nikakumbuka neno kiambaza, yaani ukuta wa nyumba, hasa ule unaotenga chumba na chumba. Neno hilo linabeba dhana yote: pande mbili, na kizuizi kati yake. Ninapendekeza yafuatayo kwa majadiliano.

Kiambaza: ubao au ukuta unaotenga mbele na nyuma ya spika. Litumike badala ya bafle pale ubao unapokusudiwa.

Kiambaza kisichozungukika: ukuta ambao wimbi la nyuma haliwezi kuuzunguka likafika mbele. Nimeacha "kisicho na mwisho" kwa sababu hakuna gari lenye ukuta wa namna hiyo. Linalohitajika ni wimbi lisipate njia.

Sanduku la spika: kile ambacho Bujumbura huitwa bafle. Fundi aendelee kusema bafle akipenda, lakini mfasiri aandike sanduku.

Spika ya besi: spika moja ya sauti za chini. Sabufa liachiwe maana yake ya seti nzima.

Buti: kofre ya gari. Katika maandishi ya kusomwa hapa Burundi, yatajwe yote mawili mara ya kwanza.

Hitimisho

Kamusi nilizokuwa nazo usiku ule hazikunidanganya. Nilizikimbilia kabla ya kujua hewa inafanya nini nyuma ya koni. Katika kozi ya tafsiri, sasa ninawataka wanafunzi waende karakana kabla ya kufungua kamusi, wamwombe fundi awaonyeshe kazi, kisha waandike maelekezo kwa Kiswahili bila kutazama matini ya Kiingereza. Baada ya hapo wanayarudisha kwa fundi ayafuate mbele yao. Mahali anaposita ndipo penye kosa, na mara nyingi kosa hilo si la sarufi.

Nawaomba walimu wenzangu wajaribu zoezi hili na fani nyingine: ushonaji, uashi, uunganishaji wa chuma. Wanafunzi wetu wengi watahitimu na kuombwa watafsiri karatasi za namna hii, na upande wa pili wa karatasi atakuwapo mtu mwenye keekee mkononi, anayewaamini.

Teksi ile ilipata spika yake, na buti ikabaki na nafasi ya masanduku mawili ya nguo na gunia la mchele. Karatasi iliyofuata ya fundi nilimrudishia baada ya siku nne, maana siku tatu za kwanza nilikuwa nikimuuliza maswali.